Usaili Hauipimi Kazi: Mtu Mzima Mwenye Usonji Anapotafuta Ajira

Nina usonji (kwa Kiingereza autism), hali ya ubongo inayoathiri namna mtu anavyowasiliana na kuzipokea hisia kama sauti. Vijana wenye usonji, na mara nyingi zaidi mama zao, huniandikia kuniuliza nilivyopata kazi na ninavyoimudu. Wengi wanaamini kwamba ugumu uko katika kazi yenyewe, kwamba mtu asiyestahimili kelele, asiyezoea kumtazama mwenzake usoni na anayelichukua kila neno kama lilivyotamkwa hawezi kukaa ofisini kutwa nzima. Kwa uzoefu wangu mambo ni kinyume. Kazi niliimudu tangu siku za fildi. Kilichonizuia kwa miaka ni usaili, yaani kile kipindi kifupi ambacho watu watatu au wanne wanakaa nyuma ya meza na kuamua kama ninafaa, ilhali karibu hakuna wanaloniuliza linalofanana na kazi nitakayoifanya. Naandika makala haya kwa ajili ya wanaotafuta kazi, lakini zaidi naandika kwa ajili ya wanaokaa upande wa pili wa meza hiyo.

Nimesomea utunzaji wa kumbukumbu kwa ngazi ya stashahada, na ninafanya kazi katika masijala ya taasisi moja binafsi hapa Dar es Salaam. Kwa wasioijua kazi hii, masijala ndiko barua zote zinakoanzia na kuishia. Barua ikiingia hugongwa muhuri wa kupokelewa, huandikwa kwenye rejista ya barua zinazoingia, hutafutiwa jalada lake, huwekwa ndani na kupewa namba ya folio, yaani namba ya nafasi yake ndani ya jalada, kwenye pembe ya juu, kisha jalada hupelekwa kwa afisa anayehusika na mwendo wake huandikwa, ili mtu akiliulizia wiki ijayo ajulikane aliyenalo. Ni kazi ya kurudiarudia yenye kanuni zilizo wazi, na kwangu ni furaha ya kweli. Nikishika jalada nene naona upesi kwamba folio ya 46 imeruka, au kwamba barua ya manunuzi imechomekwa katika jalada la likizo. Jalada likipotea wenzangu huniita mimi kwanza, kwa sababu nakumbuka nilikoliona mara ya mwisho. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema kwa sababu hakuna hata moja kati ya hayo lililowahi kuonekana katika usaili wa mahojiano.

Usaili wenyewe huanza vizuri. Salamu zetu zina utaratibu wake na mimi nimeujua tangu utotoni: shikamoo kwa wakubwa, habari za asubuhi, karibu uketi, asante. Hapo sitofautiani na mtu yeyote. Ugumu huanza salamu zinapokwisha na jopo linapoanza kuusoma uso wangu. Nimelelewa na bibi huko Korogwe, katika nyumba ambayo mtoto aliyemkazia macho mtu mzima alihesabiwa kuwa hana adabu, na kwa hiyo kutazama chini kwangu hakukumshangaza mtu pale kijijini. Kulionekana kuwa ni malezi mema. Mtoto huyohuyo akikua na kufika mbele ya jopo mjini, kutazama chini kunachukuliwa kuwa ni kutojiamini, au ni kuficha jambo. Si wenye usonji peke yao wanaoumizwa na kipimo hiki, ambacho semina nyingi za namna ya kufaulu usaili hukifundisha kana kwamba ni amri, lakini sisi ndio ambao hata tukifundishwa hatuwezi kukitimiza bila kupoteza kitu kingine. Nikilazimika kumtazama mtu machoni, akili yangu yote huhamia kwenye macho yake, na swali aliloniuliza linanipita.

Kisha huja maswali yenyewe. “Tueleze habari zako.” Habari zangu zipi: za shule, za ukoo, za afya au za kazi? Watu wengi wanajua bila kuambiwa kwamba hapo wanatakiwa kuzungumza kwa dakika mbili juu ya elimu na uzoefu wao. Mimi niliambiwa na mwalimu wangu wa chuo, na tangu hapo nina jibu nililoliandika na kulihifadhi, lakini msaili akibadilisha maneno kidogo tu, akauliza, “Wewe ni mtu wa namna gani?”, jibu lile linakuwa halina pa kukaa. “Baada ya miaka mitano unajiona uko wapi?” Jibu langu la kweli ni kwamba natarajia kuwa bado natunza kumbukumbu, kwa sababu ndiyo kazi ninayoipenda, na jibu hilo huhesabiwa kuwa ni kukosa malengo. Ukiulizwa udhaifu wako, inategemewa utaje sifa njema iliyovikwa nguo za udhaifu, na kwa mtu ambaye akiulizwa swali hulijibu lilelile aliloulizwa, hilo ni kama kuombwa aseme uongo mbele ya watu anaotaka wamwamini. Lakini niulize hivi: “Zimeingia barua mbili juu ya shauri moja, moja ya kawaida na nyingine ya siri, utazifanyia nini?” Nitajibu kwa hatua, moja baada ya nyingine, na ndani ya dakika tano jopo litajua kama naijua kazi au siijui.

Kuna utafiti ambao huutaja kila ninapopata nafasi ya kuzungumza na maafisa utumishi. Mwaka 2017 Noah Sasson wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Dallas, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la Scientific Reports matokeo ya majaribio ambayo watu wasio na usonji walionyeshwa vipande vifupi sana vya video na sauti za watu wazima, wengine wenye usonji na wengine wasio nao. Kwa kutazama na kusikia kidogo tu, watu hao waliwapa wenye usonji alama za chini na hawakuwa tayari sana kuanza mazungumzo nao. Waliosomeshwa maneno yaleyale yakiwa yameandikwa, bila sura wala sauti, hawakuonyesha upendeleo huo. Nilipousoma utafiti huo nilielewa kwa nini barua zangu za maombi zilikuwa zikiniitisha kwenye usaili mara kwa mara, na usaili haukuwa ukiniitisha kazini.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath nchini Uingereza nao walichapisha mwaka 2021 matokeo ya kuyarekebisha maswali ya usaili, yaani kuyafanya yawe mahususi na yamwonyeshe msailiwa ni jibu la namna gani linalotafutwa. Wenye usonji walijibu vizuri zaidi, na wasio na usonji vilevile. Hilo la pili ndilo ningependa wasaili walitie moyoni, kwa sababu wengi hudhani kwamba kumrahisishia mmoja ni kuwadhulumu waliobaki. Katika nchi hiyohiyo ya Uingereza, ambako watu wazima hupimwa na takwimu hukusanywa, ofisi ya taifa ya takwimu ilionyesha kwamba mwaka 2020 ni takriban asilimia 22 tu ya watu wazima wenye usonji waliokuwa na kazi ya aina yoyote, na ripoti iliyoongozwa na Sir Robert Buckland, iliyotolewa Februari 2024, iliwataja kuwa ni karibu watu 3 kati ya 10. Hiyo ni nchi yenye kliniki, mahakama za kazi na vyama vya kutetea haki vya miaka mingi.

Katika historia ya usonji yupo mtu mmoja ambaye maisha yake ya kazi hunifundisha zaidi kuliko ripoti. Daktari Leo Kanner alipochapisha mwaka 1943 makala yake iliyoufanya usonji uanze kutambuliwa kitabibu, mtoto wa kwanza ambaye habari zake alizieleza humo alikuwa Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest katika jimbo la Mississippi, Marekani. Mtoto huyo alikua, akasoma hadi chuo, akaajiriwa katika benki ya mji wake na kuitumikia kwa miaka 65. Alifariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Watu husimulia habari zake kwa mshangao na kupita haraka juu ya jambo moja, ambalo ni kwamba benki hiyo ilikuwa ya ukoo wa mama yake. Aliingia kazini kupitia familia, na alipokwisha kuingia, wenzake na wakazi wa mji walimzoea kama alivyo.

Sisi jambo hilo tunaliita koneksheni, na tunalilaumu kwa haki, maana linawanyima nafasi wasio na wajomba wenye vyeo. Hata hivyo kuna kitu ndani yake kinachostahili kutazamwa. Mjomba anapomchukua mpwa wake na kumweka dukani kwake, anachokitumia si upendeleo peke yake. Anatumia pia ujuzi wa miaka. Anajua kwamba kijana huyu haongei sana, kwamba anachukia kuguswa bega, na kwamba hesabu ya jioni akiifunga yeye haipungui hata shilingi mia. Mtu mwenye usonji hujulikana taratibu, na usaili unamtaka ajulikane upesi. Kwa hiyo anayetaka kutenda haki bila kutumia koneksheni anahitaji njia rasmi ya kumjua mtu taratibu: siku moja au mbili za kumwona akifanya kazi, taarifa ya kweli kutoka mahali alipofanya fildi, jaribio la vitendo. Kujitolea, ambako vijana wengi wa sasa hukutegemea, kungeweza kuwa njia hiyo, ila ninasita kuipendekeza, kwa kuwa nimewaona vijana wenye usonji wakijitolea miaka bila nauli, wakipongezwa kwa bidii yao, na nafasi ikitangazwa anachukuliwa mwingine aliyejieleza vizuri.

Kwa upande wa serikali, nasema bila kusita kwamba utaratibu wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma una mambo yanayotufaa kuliko ofisi nyingi binafsi. Maombi hutumwa kwenye mfumo wa Ajira Portal, si kwa kupita mapokezi na kujieleza kwa kila unayemkuta. Tangazo la kuitwa kwenye usaili hutaja tarehe, muda, mahali na vyeti halisi vya kuja navyo. Upo usaili wa mchujo wa kuandika, na kwa baadhi ya kada upo usaili wa vitendo, kabla mtu hajafika kwenye mahojiano ya ana kwa ana. Kwangu mimi, kujua tangu jana yake nitaingia jengo gani na saa ngapi ni nusu ya maandalizi, kwani naweza kwenda kulitazama mapema, nikajua lango liko wapi na mwendokasi unanishusha kituo gani. Matangazo ya nafasi za kazi nayo huwahimiza waombaji wenye ulemavu kuomba na kuainisha hali yao kwenye mfumo.

Hapo kwenye kuainisha ndipo wengi wetu tunapokwama. Watu wazima wengi wenye usonji ninaowafahamu hawakuwa na karatasi yoyote ya daktari walipoanza kutafuta kazi. Walipokuwa watoto waliitwa wakaidi, au wenye mashetani, au watoto wa ajabu wenye akili za darasani tu. Wataalamu wa kupima usonji ni wachache, wako zaidi katika miji mikubwa, na huduma zao zimeelekezwa kwa watoto. Mimi nilipimwa nikiwa nimekwisha maliza chuo, na ilikuwa kwa sababu daktari wa afya ya akili niliyemwendea kwa tatizo la kukosa usingizi alianza kuniuliza habari za utotoni. Bibi alilazimika kupanda basi kutoka Korogwe ili aje aeleze nilianza kusema lini, nilikuwa nikicheza na nini, na kwa nini nilikuwa nikizipanga chupa za soda kwa rangi za vizibo na kulia mtu akiisogeza moja. Si kila mtu ana bibi wa kuja kueleza, wala nauli ya kumleta.

Sheria ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka kila mwajiri mwenye waajiriwa 20 au zaidi kuajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na inapotaja sera na taratibu za ajira inahesabu pia utaratibu wa kuwatafuta waajiriwa na vigezo vya kuwachagua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka katika ibara ya 27 kwamba marekebisho yanayofaa yafanywe mahali pa kazi. Wakuu wa ofisi wakisikia neno marekebisho hufikiria njia ya kiti cha magurudumu, choo kipana na mkalimani wa lugha ya alama, na hata vitu hivyo bado havijatosheleza mahali pengi. Ninapoomba mimi maswali yaandikwe kwenye karatasi, au feni inayolia juu ya meza yangu ifanyiwe matengenezo, naonekana naomba kudekezwa, ingawa ombi langu halimgharimu mtu hata robo ya bei ya zege la njia hiyo.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama mtu aseme mapema kwamba ana usonji. Nimefanya yote mawili, kusema na kutosema. Katika ofisi moja niliwaambia wasaili tangu mwanzo, na muda wote uliobaki ukaishia hapo: kama natumia dawa, kama ninaweza kupandwa na hasira nikawapiga wenzangu, na nani atawajibika nikizidiwa. Hakuna aliyeniuliza lolote juu ya majalada. Nilitoka pale nikiwa na uchungu ambao haujanitoka hadi leo, kwa sababu hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu waliosikia neno geni na kuliogopa. Tangu hapo msimamo wangu, ambao najua baadhi ya wanaharakati hawakubaliani nao, ni kutaja hitaji kabla ya kutaja hali. Nikiitwa kwenye usaili hujibu kwa maandishi, nashukuru, kisha naongeza: “Ninaomba, ikiwezekana, maswali yawe pia kwenye karatasi ili niyasome wakati ninapoulizwa. Hunisaidia kujibu kwa ukamilifu.” Ofisi inayolikubali ombi dogo kama hilo inanionyesha kwamba nikifika huko nitasikilizwa. Inayolikataa nayo imenipa taarifa muhimu. Nikishaajiriwa na kuonekana kazini, ndipo humwambia mkuu wangu jina la hali yenyewe.

Kazi niliyo nayo sasa niliipata kwa namna ambayo natamani iwe ya kawaida. Mkuu wa masijala, mama mmoja aliyekuwa karibu na umri wa kustaafu, alisoma barua yangu na ombi langu la maandishi, akaniita nije siku moja asubuhi. Hakuniketisha mbele ya jopo. Alinipeleka kwenye chumba cha nyuma chenye meza ndefu, akanionyesha mafurushi ya barua yaliyofungwa kwa kamba za katani, barua za miaka kadhaa ambazo hazikuwahi kuwekwa kwenye majalada, akasema, “Mwanangu, panga hizi unavyofundishwa chuoni. Nitarudi saa saba.” Maneno hayo yalikuwa na kazi, kipimo na saa ya kurudi, nami sikuhitaji jingine. Nilitoa pini zilizoota kutu moja moja nisichane karatasi, nikatenganisha barua kwa mada kabla ya tarehe, nikaweka kando zile zenye alama ya siri bila kuzisoma, na zile zisizo na namba ya kumbukumbu nikaziandikia orodha ya peke yake. Saa saba alirudi kama alivyosema. Alichomoa barua moja katikati ya rundo na kuniuliza kwa nini nimeiweka pale. Nikamweleza. Akachomoa nyingine. Tulizungumza muda mrefu hivyo, mimi nikitazama barua na yeye akitazama barua, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisailiwa bila hofu.

Nisingependa msomaji adhani kwamba baada ya kuajiriwa mambo yote yalinyooka. Ofisini kwetu maagizo hutolewa kwa adabu. Mkubwa akisema, “Naona lile jalada la ukaguzi bado liko pale,” anamaanisha lipelekwe sasa hivi, lakini kwangu ni taarifa, tena ya kweli. Akisema, “Ukipata nafasi,” sijui kama ni leo au mwezi ujao. Dawa ya jambo hili tunayo tayari katika utaratibu wetu wa kazi, nayo ni dokezo. Katika jalada kuna karatasi ambayo afisa huandika anachotaka kifanyike, anamwelekezea nani, na anatia sahihi na tarehe. Nilimwomba mkuu wangu kwamba maagizo yanayonihusu, hata yale madogo, ayaandike kwa mtindo huohuo wa dokezo. Alikubali, na baada ya muda niligundua kwamba anawaandikia na wenzangu pia, kwa sababu mabishano ya nani aliambiwa nini yalikuwa yamepungua.

Kelele ni shauri jingine. Simu, jenereta, televisheni ya mapokezi, watu wanaosemezana kutoka mlango hadi mlango, vyote hivyo mwenzangu husikia kama sauti moja ya mbali. Mimi nasikia kila kimoja peke yake. Hufika ofisini mapema sana kabla ya wengine, na ile saa ya kwanza ya ukimya ndiyo ninayofanyia kazi ngumu. Chai ya saa nne siinywi na wenzangu, na kwa muda mrefu hilo lilinipa jina la mtu anayeringa. Lililonisaidia ni michango. Harusi na misiba ya ofisini ina orodha, kiasi na tarehe ya mwisho, kwa hiyo hutoa changu mapema bila kukumbushwa, na msibani huenda na kufanya kazi isiyohitaji maneno mengi, kama kuandikisha rambirambi. Wenzangu wameelewa kwamba nawajali kwa namna hiyo. Hata hivyo, kuvaa uso wa kawaida kutwa, kukumbuka kutabasamu, kupima sauti, kuzuia mikono isicheze, kunachosha kuliko majalada yote, na Jumamosi nyingi sina nguvu hata ya kupokea simu ya bibi. Afisa utumishi anayemwona mtu wa aina hii akiwa mtulivu ofisini asidhani kwamba utulivu huo unakuja bure.

Ninazungumza kama mtu anayesema, anayesoma na anayeweza kupanda daladala peke yake, na najua kwamba wapo wenzangu wengi wasioweza hayo. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto hapa Dar es Salaam ina kitengo cha wanafunzi wenye usonji, na vipo vitengo vingine, lakini mtoto hukua, na mzazi anapouliza kijana wake ataenda wapi baada ya hapo, majibu huwa machache. Namfahamu kijana asiyesema hata neno moja ambaye hukunja na kupanga kanga katika duka la jumla la shangazi yake kule Kariakoo kwa unyoofu ambao hakuna mfanyakazi mwingine anayeufikia, na shangazi humlipa mshahara kama wengine. Hilo la kulipwa ndilo ninalolisisitiza, kwa kuwa mara nyingi kazi ya mtu wa aina yake huitwa tiba au kumchangamsha, na malipo yanasahaulika. Wanaotuambia tujiajiri nao wana hoja yao, na halmashauri zinatakiwa kutenga kwa ajili ya mikopo asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo asilimia 2 yake ni ya watu wenye ulemavu, lakini biashara ndogo ni maongezi na wateja tangu asubuhi hadi jioni, na hapo tunarudishwa kwenye kitu kilekile kinachotushinda kwenye usaili.

Jambo la mwisho ni la wale waliokwisha kupata kazi na wanaona inaanza kuwaponyoka, kwa sababu wengi huniandikia wakiwa wamechelewa. Chini ya ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, masharti yanayohusu kuachishwa kazi isivyo halali hayamlindi mwajiriwa ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo, na kwa bahati mbaya hicho ndicho kipindi ambacho wenye usonji wengi huondolewa, kwa maelezo kwamba “hakuendana na wenzake.” Katazo la ubaguzi katika kifungu cha 7 halina sharti hilo la miezi 6, na mwajiriwa akishaonyesha kwamba kuna dalili za ubaguzi, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba haukuwepo. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Siku hizo huhesabiwa tangu tukio lilipotokea, si tangu mtu alipopata ujasiri wa kulisimulia nyumbani, kwa hiyo anayeona dalili aanze mapema kutunza barua yake ya ajira, maagizo aliyoandikiwa, maombi ya marekebisho aliyoyatoa na majibu aliyopewa, yote yakiwa na tarehe na kwa mpangilio, na nakala moja aiache kwa mtu anayemwamini nje ya ofisi.